Barua Isiyo Yake Katika Faili la Bonaya

Nyinyi mnaoanza ukarani wa shule siku hizi, nawaonea raha. Mnafungua kompyuta, mnaandika neno la siri, na habari za mtoto zinakuja mbele yenu zikiwa kavu na zimepangika. Sisi pale Garsen tulikuwa na kabati moja la chuma lililoliwa na kutu miguuni, na ufunguo wake niliufunga kwenye ncha ya leso. Siku niliyoisahau leso hiyo nyumbani, walimu walisubiri rejista hadi karibu na adhuhuri, na mwalimu wa hesabu akapendekeza leso zangu zote ziandikishwe kuwa mali ya shule.

Vyombo vimebadilika, lakini kazi ni ile ile. Mnatunza maisha ya watoto wa watu yaliyowekwa kwenye karatasi: nani alikosa karo, nani alifiwa, nani alipelekwa hospitali na kwa nini. Na mkikaa kazini vya kutosha, siku moja mtaletewa samansi, yaani amri ya mahakama inayosema mlete faili la mwanafunzi fulani. Nataka kuwaambia habari za siku hiyo, kwa sababu mimi ilinikuta na hakukuwa na kitabu cha kunielekeza.

Kwanza, msitishike. Mwalimu mkuu wa kwanza niliyefanya kazi chini yake alikuwa mtu jasiri. Alifukuza kiboko kwenye bustani ya shule kwa kugonga sufuria. Lakini alipoletewa samansi alisoma mpaka kwenye neno "unaamriwa" akaishia hapo. Alikwenda nyumbani, akafunga blanketi, sabuni na kandambili, akamwambia mkewe mbuzi wapi wamefungwa, na akamuusia mwanawe wa kwanza asiwaonee wadogo zake. Alipofika mahakamani Hola, karani wa mahakama alimtazama yule mwalimu na furushi lake, akamuuliza kwa upole blanketi ni la nini. Kumbe walichotaka ni rejista ya mahudhurio tu, kwa ajili ya kesi ya watu wengine kabisa. Na rejista ndicho kitu pekee alichoacha Garsen.

Kwa hiyo soma hadi mwisho. Tazama muhuri wa mahakama upo, na sahihi ipo. Tazama wanataka nini hasa. Wakitaka mahudhurio, peleka mahudhurio, usiongeze alama za mitihani na barua za nidhamu ati kwa sababu zimo ndani ya jalada moja. Wakitaka faili zima, basi ni zima. Na unampelekea hakimu, humpi mtu mwingine njiani, hata akiwa na tai.

Hilo la tai lina kisa chake, na ndicho kinachoniingiza kwa Bonaya.

Bonaya alikuwa mwanafunzi wetu wa Kidato cha Pili, mtoto wa wafugaji wa Kiorma. Baba yake, Mzee Wario, alikuwa na ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe. Alasiri moja lori lilimgonga Bonaya kando ya barabara kuu, likamvunja mguu vibaya. Daktari alisema mguu unaweza kunyooshwa, lakini katika hospitali kubwa, na matibabu hayo yalikuwa juu ya uwezo wa baba yake, hasa baada ya mafuriko ya El Nino kumwacha na mifugo wagonjwa. Mzee Wario akamshtaki mwenye lori ili alipie matibabu. Mwenye lori akajibu kwamba dereva wake hakukosea, kwamba kijana alianguka mwenyewe mbele ya magurudumu, na kwamba amesikia ana ugonjwa wa kuanguka.

Wakili wa mwenye lori alikuja shuleni kabla ya samansi yoyote. Alikuwa kijana mpole kutoka pwani, amevaa koti zito katika joto lile la Garsen, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Nilimpa kiti na soda. Akatoa barua ya ofisi yake iliyopambwa vizuri juu, akasema anaomba achungulie faili la Bonaya dakika chache tu.

Nikamwambia, "Soda ni ya shule, mwanangu, kunywa mpaka uzime kiu. Faili ni la mtoto. Hilo mpaka hakimu aniambie."

"Mama, mimi ni ofisa wa mahakama."

"Basi hutapata shida kuniletea karatasi ya mahakama."

Akacheka, akasema angalau amejaribu, akamaliza soda yake na kuaga kwa adabu. Sikumchukia, nanyi msiwachukie mawakili. Wanafanya kazi ya waliowaajiri, kama sisi. Barua ya wakili ni ombi, na ombi linaweza kukataliwa kwa heshima. Samansi ni amri. Baada ya siku kadhaa ilifika, na muhuri wake, ikitaka faili lote la Bonaya pamoja na kila karatasi inayohusu afya yake.

Hapa ndipo lazima niwaeleze juu ya mafuriko. Maji ya mto Tana yalipopanda, yaliingia ofisini hadi rafu ya pili ya kabati. Yalipopungua tulikuta mafaili yamekuwa kama uji. Walimu, wanafunzi wa bweni, mpishi, sote tulibandua karatasi moja moja tukazianika juu ya mabati ya bwalo, kila moja na kijiwe chake. Upepo ulikuwa mkali. Tulikimbizana na karatasi kama watu wanaofukuza kuku. Zilipokauka tulizirudisha kwa majina, na pale wino ulipokuwa umekwenda na maji, tulikisia: hii ilikuwa imegandana na ile, basi ni za mtoto mmoja. Shule nyingi za kando ya mto zilifanya hivyo hivyo mwaka ule, na tulijisifu kwamba hatukupoteza kitu. Kweli hatukupoteza. Ila baadhi ya vitu vilihama.

Niliketi na faili la Bonaya nikaanza kutia namba kila ukurasa kwa penseli, jambo ambalo nawashauri mlifanye kabla faili halijatoka mlangoni, ili likirudi mjue kama limerudi lote. Katikati nikafika kwenye barua ya mkono iliyopauka juu. Jina lilikuwa limefutika. Kilichosomeka ni hiki: mtoto wangu huyu ana kifafa, huanguka, naomba walimu wamwekee siri, na akianguka mumlaze ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Chini kulikuwa na alama ya dole gumba.

Nilijua barua ile si ya Bonaya. Mimi ndiye niliyeipokea. Iliandikwa na muuguzi wa zahanati kwa niaba ya mama mmoja mkulima wa kando ya mto, na mtoto alikuwa msichana. Jina lake sitalitaja hata leo. Kijiji pia sitakitaja, na kama mtaanza kubahatisha, nawaambia mapema kwamba hamtapata. Wakati ule mtu wa kifafa alisemwa ana majini. Wenzake wangekataa kula naye sahani moja, na wachumba wangepita mbali na mlango wao. Mama yake alikuwa ameshika meza yangu kwa mikono miwili akinisihi isitoke nje ya kabati.

Sasa mnaona nilipokuwa nimesimama. Barua ile ikienda Hola kama ya Bonaya, kijana angekosa matibabu ya mguu kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Na nikisema mbele ya watu ni ya nani, msichana wa watu angeanikwa kama zile karatasi juu ya mabati.

Naibu wa mwalimu mkuu, mtu mwenye huruma, aliona njia fupi. Alisema niitoe, niirudishe kwenye faili la msichana, nikae kimya. Hakuna atakayejua, na kila karatasi itakuwa mahali pake. Kusema kweli hata mimi mkono ulikuwa tayari umeishika.

Lakini mwalimu mkuu wakati huo alikuwa Bwana Komora, mtu wa maneno machache ambaye alisahihisha insha hata wakati wa likizo. Aliisoma barua, akaivua miwani yake, akaniambia:

"Samansi ikishaingia, faili hili lina mwenyewe mwingine. Leo utatoa karatasi kwa wema. Na kesho mtu mwingine atatoa ya kwake kwa ubaya, na atasema ameiga kwako."

"Basi nipeleke, mwalimu? Nimuue mmoja kati yao?"

"Peleka yote. Hii itie kwenye bahasha yake peke yake, uifunge, uandike juu kwamba ilikutwa humu na shule haiamini ni ya kijana huyu. Mwambie hakimu, na hakimu ndiye aamue. Lakini kabla ya hakimu kuna mtu mwingine wa kuambiwa."

Huyo alikuwa mama wa yule msichana. Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko mihuri na bahasha zote. Karatasi ya mtoto wa mtu ikiwa itatoka kabatini, mzazi asikie kwako kwanza. Asisikie sokoni.

Nilivuka kwa mtumbwi nikamkuta shambani akipalilia mpunga, maji yakimfika kwenye vifundo. Hakuacha kazi. Nilimweleza nikiwa nimesimama kwenye tuta, viatu mkononi. Alisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, "Dada karani, ulisema itakaa kabatini."

"Ilikaa, mama. Maji ndiyo yaliyoingia kabatini."

Kisha akauliza kama hakimu ana watoto. Nikasema sijui.

"Akiwa nao, ataelewa. Akiwa hana, mweleze wewe." Akatoka majini, akaingia nyumbani, akarudi na kadi ya kliniki ya binti yake, ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwandiko ulikuwa ule ule wa muuguzi. "Chukua na hii, wasije wakakuita mwongo. Na huyo kijana, mguu wake unaoza?"

Nikasema haujaoza, umepinda.

"Basi nenda. Wangu anaanguka na kuinuka. Huyo asipotibiwa hatainuka."

Hola nilifika na faili kifuani. Karani wa mahakama, mzee aliyeizoea kazi yake mpaka akawa anaifanya huku akitafuna karanga, aliniambia jambo ambalo lilinituliza: mtu aliyeitwa kuleta karatasi si lazima awe shahidi. Anaweza kukabidhi na kwenda zake. Ila akiulizwa karatasi ni ya nani, ataapishwa kama wengine. Akaniandikia stakabadhi ya kila nilichokabidhi. Msiondoke mahakamani bila stakabadhi. Nilipomwambia habari ya bahasha, alifuta mikono yake na kusema nisimfungulie mtu yeyote, nisubiri hakimu aniulize.

Na hakimu aliniuliza. Nilisimama, nikashika msahafu, nikaapa. Nikaeleza mafuriko, mabati, vijiwe, upepo. Watu nyuma walicheka kidogo nilipofika kwenye kufukuza karatasi, kwani nao walianika zao. Kisha nikasema katika faili hili imo barua ya ugonjwa ambayo najua si ya Bonaya.

Yule wakili wa soda aliinuka. Hakuwa mkali. Aliuliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza ningekuwa yeye. "Mama, unasema barua ipo, jina halipo, na imekutwa kwenye faili la kijana huyu. Kama si yake, ni ya nani?"

Mzee Wario alikuwa mstari wa mbele, amekaza macho juu yangu, fimbo imelala magotini. Bonaya alikuwa kando yake na magongo yake. Na nyuma niliwajua watu wanne au watano wa Garsen waliokuja kusikiliza tu, ambao wangelifikisha jina lile nyumbani kabla yangu.

Nikasema, "Mheshimiwa, nimeapa kusema kweli na nitaisema. Naomba niiseme kwa kuandika, kwa sababu mwenye barua hii ni mtoto, na hana kesi hapa."

Wakili wa mwenye lori alitaka kupinga. Hakimu akainua mkono. Alikaa akitazama ile bahasha, kisha akaagiza nipewe karatasi. Niliandika jina, na jinsi nilivyoipokea barua, na kwamba kadi ya kliniki imo. Akaingia chumbani kwake na mawakili wote wawili, wa mwenye lori na wa Mzee Wario, mimi nikiwa mlangoni. Akawaonyesha barua, kadi na karatasi yangu, akawaambia kwamba jina walilolisoma litabaki katika chumba kile. Yule kijana wa koti zito alisoma mara mbili. Akairudisha barua mezani taratibu, akasema hana swali lingine juu yake.

Bahasha nilirudishiwa siku ile ile, imefungwa upya kwa muhuri wa mahakama. Kesi iliendelea kwa mambo yake: walioona ajali, alama za magurudumu, maneno ya dereva. Ilichukua muda, kama kesi zinavyochukua, lakini Mzee Wario alishinda. Bonaya alipelekwa hospitali kubwa, akarudi Kidato cha Tatu akitembea na fimbo moja, na wenzake wakamwita mzee wa kijiji.

Barua niliirudisha kwa mama wa yule msichana kwanza, nikamuuliza anataka niifanye nini. Nilidhani ataichoma. Alisema niirudishe kwenye faili la binti yake, kwani mwalimu asiyejua ndiye atakayemwacha aangukie moto wa maabara. Siri, vijana, si kwamba hakuna ajuaye. Anajua yule anayepaswa kujua ili amsaidie mtoto, basi.

Lakini kulikuwa na Mzee Wario. Huyo hakunipa amani. Kila siku ya soko, akiwa na mbuzi wake, aliniita kwa sauti kutoka upande wa pili.

"Wewe karani! Barua ile ya nani?"

"Ya fahali wako, mzee."

"Fahali wangu haanguki. Niambie, mimi nataka kumwombea dua."

"Omba tu. Mungu anajua anuani."

Watu walicheka, naye alicheka, lakini haikuwa mzaha mtupu. Karatasi ya mtu asiyemjua ilikaribia kumnyang'anya mwanawe mguu. Mara moja aliniambia kwa sauti ndogo, tukiwa wawili tu, kwamba wakati mwingine anajiuliza kama hakuna mtu aliyeitia mle makusudi. Nilimwambia aliyeitia ni upepo. Alitikisa kichwa, na nikaona hakushawishika. Akaenda na ng'ombe wake upande wa Bangale kutafuta malisho, akarudi, na swali akarudi nalo. Ningeweza kulimaliza kwa neno moja. Kuna siku nilitamani, kwa sababu si jambo jepesi kutiliwa shaka na mtu uliyemtendea haki. Hii nayo ni sehemu ya kazi, na haimo kwenye barua ya ajira.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Mzee Wario alikuwa amechaguliwa katika kamati, akaketishwa mbele pamoja na wakubwa. Wasichana walisimama kuimba. Yule binti alikuwa mstari wa mbele. Katikati ya wimbo nilimwona macho yake yakienda juu, na kabla sijainuka kwenye kiti alikuwa chini, mwili unatetemeka. Wimbo ukakatika. Watu wakaanza kusimama, na mahali fulani nyuma nikasikia mwanamke akianza kutamka neno majini.

Mzee Wario alikuwa karibu kuliko sote. Alipiga magoti, akamgeuza yule mtoto ubavu, akakunja kilemba chake akakiweka chini ya kichwa. Alipoinua uso, alinitafuta mimi. Tulitazamana. Uso wangu sijui ulisema nini, lakini nilimwona anaelewa, pole pole, kama mtu anayemtambua mgeni aliye mbali.

Akageukia watu, akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, "Ni jua hili! Watoto wanasimamishwa juani tangu asubuhi, mnategemea nini? Rudini nyuma, mpeni hewa. Wewe, leta maji. Na wewe uliye huko nyuma, unayesema sana, kaa chini."

Watu wakakaa. Jua lilikuwa kali kweli siku ile, hakuna aliyeweza kubisha. Mama yake alifika akikimbia, na Mzee Wario akampisha bila kumuuliza jina.

Siku ya soko iliyofuata nilipita upande wa mbuzi nikijiandaa na jibu langu. Hakuniita kwa sauti. Alisubiri hadi nilipofika karibu, akaniuliza, "Yule mtoto amepoa?"

"Amepoa, mzee."

"Alhamdulillahi," akasema, akamgeukia mteja wake wakaendelea kubishana bei.